Ile Z: si diski yako: maneno kwa walimu wa Lubumbashi juu ya mafaili ya kozi

Ba Profesa, ba CT (ba chef de travaux), ba asistan, na nyinyi ndugu wa servisi ya informatiki, jambo kwenu wote. Aksanti kwa kufika, najua jua la mwezi wa kumi hapa Lubumbashi si la kuchezea na chumba hiki hakina klima, basi nitajitahidi nisiwachoshe. (Waliokosa nafasi waliomba niandike yale niliyosema, haya njo maneno yenyewe, nimeyaacha vile yalitoka mdomoni.)

Habari yenyewe ni mafaili ya kozi. Kila mmoja hapa iko na silabusi, iko na mazoezi, mapicha ya labo, ba pawapointi, interogasyo (mitihani midogo) za miaka yote, na vyote viko mu laptopu. Wanafunzi wao wanasomea kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kozi, na ile seva iko mbali, pengine Ulaya, pengine Marekani. Kati ya laptopu na seva kuna nini? Kwa wengi wenu kuna ile ukurasa wa brauza yenye kitufe cha kuchagua faili: unachagua moja unangoja, unachagua la pili unangoja, kufika la kumi na mbili sesheni imeshakufa unaanza tena na neno la siri. Halafu siku moja kijana wa informatiki anakuambia Papa Prof, tunaweza kuunganisha folda ya seva ionekane mu kompyuta yako kama diski nyingine, tunaiita Z:, unavuta mafaili yako unaachilia mle ndani, kwisha. Unafurahi. Na una haki ya kufurahi, hiyo njia ni nzuri, mimi naitumia kila siku.

Shida inaanza pale unaiamini kupita kiasi. Ile Z: inavaa sura ya diski, iko na ikoni ya diski, unabofya mara mbili inafunguka kama diski, basi unaanza kuishi mle ndani: unafungua silabusi moja kwa moja mu Z:, unaandika saa mbili, unahifadhi, umeme unaenda, na sasa njo unaanza kutafuta nani wa kulaumu. Leo nataka tukubaliane kitu kimoja, mengine yote yanatoka hapo: kazi inafanyika mu laptopu yako, ile folda ya mbali ni ya kupitishia tu.

Sasa ndani yake kunatokea nini. Njia inayotumika sana kwa kazi hii inaitwa WebDAV. Ni HTTP ileile inayoleta kurasa za wavuti, wameiongezea amri za kushughulikia mafaili. Kanuni zake zilitoka mwaka 1999, zikaandikwa upya mwaka 2007, kwa hiyo si kitu kipya, ni mzee kuliko wanafunzi wenu wengi. Brauza ya kawaida inajua kuomba ukurasa na kutuma fomu. WebDAV inaongeza amri ya kuuliza folda ina nini, amri ya kutengeneza folda, ya kukopi, ya kuhamisha, ya kufunga faili kwa kufuli ili mwingine asiliguse, na ya kufungua ile kufuli. Uzuri wake mkubwa kwetu ni kwamba inapita mlango uleule wa kurasa salama, porti 443, kwa hiyo hata kwenye mitandao ya chuo au ya kampuni ambako wamefunga kila kitu, yenyewe kwa kawaida inapita. Zile folda za mtandao za ndani ya ofisi, za Windows, zinapita porti 445, na hiyo kwenye intaneti watu wengi wanaifunga, na wanafanya vizuri kuifunga.

Lakini kila amri ni safari. Hapo njo nataka musimame kidogo. Unamtuma mtoto dukani alete sukari. Anafika, anarudi kukuuliza kilo ngapi. Anaenda, anarudi kukuuliza ya aina gani. Anaenda, anarudi: mama duka anasema hana chenji. Sukari yenyewe ni nyepesi, mtoto anaibeba bila shida, ila umekaa nusu saa unangoja chai. Folda ya mbali inafanya vilevile. Ukiifungua tu, kompyuta inauliza: kuna nini humu? Halafu kila faili: uzito wake? tarehe yake? Windows yenyewe inapenda kuchungulia ndani ya mapicha ili ikutengenezee vile vipicha vidogo, na ili ivitengeneze inabidi iyalete mapicha yenyewe. Hujagusa kitu, umefungua folda tu, na mega zinaenda.

Tufanye hesabu, hapa tuko kati ya wasomi. Kutoka Lubumbashi mpaka jimbo la Michigan kule Marekani ni zaidi ya kilometa 12,000 ukichora mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba, zile nyaya za kioo za intaneti, unakimbia karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata ukiwa na koneksyo bora kuliko zote duniani, ni zaidi ya sekunde 0.12, haishuki chini ya hapo, fizikia imekataa. Na nyaya hazinyooki, zinapinda zinapita kwa majirani, zinapita baharini, kwa hiyo tuseme sekunde 0.3, na mwenye simu ya kushare mtandao pale Katuba saa moja ya jioni atacheka atasema nimemhurumia. Sasa uko na folda ya mapicha 400. Kila picha tuseme inahitaji maswali matatu. Ni 1,200 mara 0.3, sekunde 360, dakika sita, na hatujahesabu uzito wa picha hata moja. Sasa chukua yale mapicha 400 uyafunge mu zip moja, yaani kifurushi cha faili moja: maswali ni machache, unalipa uzito tu. Kwa hiyo mtu akikuambia mtandao wako ni polepole, ununue mega zaidi, muulize kwanza mafaili ni mangapi. Kununua mega zaidi hakufupishi njia ya kwenda Michigan.

Nimetaja Michigan kwa sababu. Kuna mfumo unaitwa LON-CAPA, ulitengenezwa chuo kikuu cha Michigan State, ni wa bure na kodi yake (maandishi ya programu) iko wazi. Uliundwa kwa ajili ya mazoezi ya sayansi hasa, na kila mwanafunzi anapewa namba zake. Nitawaonyesha na mfano wa hapa kwetu, maana mji huu hauwezi kuzungumza dakika kumi bila kutaja shaba. Zoezi la kuvuta shaba kwa umeme, elektrolizi: mkondo wa ampea 200 unapita saa 24 mu beseni moja, shaba inayogandia kwenye katodi ni kilo ngapi kama hakuna upotevu? Unachukua ampea mara sekunde, mara 63.55, unagawa kwa 2 mara 96,485, unapata gramu 5,691 hivi, yaani kilo 5.69. Mwanafunzi wa kwanza anapewa ampea 200. Jirani yake anapewa 230, jibu lake ni kilo 6.54. Wakikopiana wote wawili wamekufa. Mwalimu hakuandika maswali mawili, aliandika faili moja yenye sehemu ya kuchagua namba na sehemu ya kuhesabu jibu, mashine inafanya iliyobaki.

Angalieni ile faili yenyewe sasa. Ni maandishi matupu, kilobaiti chache, haifiki hata uzito wa picha moja ya simu. Faili kama hii njo folda ya mbali iliumbwa kwa ajili yake. Unaishusha mu laptopu, unaifungua na programu yako ya kuandikia maandishi ileile unayoipenda, unabadilisha ampea kutoka 200 mpaka 230, unahifadhi, unairudisha, imefika. Kama uko na mazoezi 60 ya kemia na umegundua kwamba kila mahali uliandika "volti" pale ulitaka "ampea", kwenye brauza utafungua moja moja mpaka usiku. Ukiwa na folda unazishusha zote, unatafuta na kubadilisha mu mafaili yote kwa mara moja, unazirudisha. Hapo hakuna anayeweza kuniambia brauza inatosha.

Ila, na hii "ila" ni kubwa: kwenye LON-CAPA kufikisha faili si kuchapisha. Ile folda inafungua chumba cha mwandishi, mahali unapikia. Mwanafunzi haoni huko. Mwanafunzi anaona toleo la mwisho ulilolichapisha, na kuchapisha kunafanyika kwenye ukurasa wa wavuti, unaweka kichwa, maneno ya kutafutia, nani anaruhusiwa, ndipo linatoka. Ukibadilisha faili kupitia folda bila kuchapisha tena, wewe unaona mpya, mwanafunzi anaona ya zamani, na mutabishana mu auditoriamu kila mmoja akiwa na haki. Na kitu kikishachapishwa hakifutwi, kinawekwa tu alama kwamba kimepitwa, maana pengine kozi nyingine inakitumia. Mimi naona huo mpango ni wa busara sana. Kuna ba Prof wananung'unika kwamba ni hatua ya ziada, lakini hiyo hatua njo inakulinda siku ambayo kidole kimeteleza saa nne ya usiku.

Wanaotumia Moodle, ule mfumo mwingine wa kuwekea kozi, mambo yenu ni mengine kabisa na naomba musichanganye. Kuna mtu aliniuliza kwa nini nisimuunganishie folda ya ndani ya Moodle, ile ambamo mafaili yanakaa. Kwa sababu hutatambua hata moja. Moodle inapokea "Sura ya 3.pdf", inaihesabia alama ya utambulisho, inaihifadhi kwa jina la herufi na namba 40, ndani ya folda zenye majina ya herufi mbili mbili. Jina ulilolipa liko mu hifadhidata, haliko ku diski. Ukiingia mle ukafuta au ukabadilisha kitu kwa mkono umeharibu kozi za watu wote. Kile Moodle inachoweza ni kinyume chake: yenyewe inaweza kwenda kuchungulia folda yako ya WebDAV, unachagua faili, na kwa kawaida inachukua kopi. Ni kopi! Ukirekebisha silabusi mu folda yako kesho, ile ya kozi inabaki ya jana mpaka uiingize tena. Na ile zip ya mapicha 400 niliyosema, Moodle inaweza kuifungua yenyewe huko huko kwenye kidhibiti chake cha mafaili, LON-CAPA nayo inafungua vifurushi vya namna hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kupeleka picha moja moja.

Sasa Windows, maana hapa laptopu nyingi ni Windows tena ya Kifaransa. Unaenda kwenye Ce PC, unachagua kuunganisha diski ya mtandao, unaweka anwani ya seva inayoanza na https, jina lako, neno lako la siri. Ikianza na http bila ile s, Windows kwa kawaida itakataa kutuma neno la siri wazi, na inafanya vizuri, msitafute namna ya kuilazimisha. Kuna vitu viwili vya kujua, vimesumbua watu wengi. Cha kwanza: Windows haishushi faili linalopita baiti milioni 50 kupitia njia hii, mpaka ubadilishe mpangilio fulani mu rejista (mipangilio ya ndani ya Windows), na hata ukiubadilisha mwisho ni karibu giga 4. Kwa hiyo video yako ya somo ya mega 80 itakataa kuja, na ujumbe wa kosa hautakuambia vizuri sababu. Cha pili: ukiangalia nafasi iliyobaki ku Z:, Windows mara nyingi inakuonyesha nafasi ya C: yako, si ya seva. Mtu anaona giga 200 ziko wazi anamwaga vitu, kumbe seva ilimpa giga moja. Tena Microsoft wenyewe walitangaza mwaka 2023 kwamba hiyo sehemu ya Windows inayofanya kazi ya WebDAV hawaiendelezi tena, na haianzi yenyewe kama zamani. Bado inafanya kazi, lakini mimi kwa mtu wa Windows siku hizi ninapendekeza WinSCP, ni ya bure, inazungumza WebDAV, inakuonyesha madirisha mawili, yako kushoto, ya seva kulia. Si nzuri kwa macho kama Z:, ila haikudanganyi kwamba uko nyumbani.

Wa Mac, ni Cmd na K, unaweka anwani, basi. Ila Mac inaacha vifaili vyake kila inapopita, .DS_Store na vingine vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, muvifute kabla ya kuchapisha. Wa Linux wananijua, hatuna la kusema sana: kidhibiti cha mafaili kinakubali davs:// na kama unataka folda ya kweli kuna programu inaitwa davfs2. Kumbukeni tu davfs2 inaweka kopi ya muda mu kompyuta na inatuma baada ya wewe kufunga faili, inasubiri sekunde kadhaa kwanza. Ukifunga kifuniko cha laptopu haraka haraka unakimbilia basi ya kwenda kampasi ya Kasapa, faili halijaondoka. Ikishindwa kabisa kutuma inaliweka mu folda inaitwa lost+found, kachungulieni mle kabla ya kulia.

Majina ya mafaili. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu sisi tuna ugonjwa wetu, tunaandika majina ya Kifaransa na alama zake zote na nafasi katikati na apostrofi: "Chapitre 2 l'énergie (version corrigée FINAL).docx". Kwenye anwani ya wavuti kila nafasi inageuka %20, ile é inageuka %C3%A9. Hiyo bado si kitu. Ila ile é kuna namna mbili za kuiandika ndani ya kompyuta, moja ni herufi nzima, nyingine ni e ya kawaida ikifuatwa na alama ya juu peke yake, na hiyo ya pili mafaili yaliyopita kwenye Mac wakati mwingine yanakuja nayo. Kwa macho ni jina moja. Kwa seva ni majina mawili. Unajikuta na mafaili mawili yanayofanana kabisa na moja halifunguki. Na ongeza hii: Windows haijali herufi kubwa na ndogo, seva nyingi ni Linux na zenyewe zinajali. Umeandika mu zoezi lako "malakiti1.jpg", faili yenyewe kamera iliipa "Malakiti1.JPG". Nyumbani ku Windows picha inaonekana, unafurahi, unapeleka, mwanafunzi anaona kiboksi kitupu chenye alama ya kuvunjika. Andikeni herufi ndogo tupu, bila alama, bila nafasi, tarehe mbele: 2025-10-elektrolizi.docx. Ni mbaya kwa macho, najua, mkubwa mmoja aliniambia nimemgeuza silabusi yake kuwa namba ya gari. Sawa. Inafunguka.

Umeme sasa. Mnajua vile tunaishi, delestaji, ule mgao wa umeme, haipigi hodi. Ukifungua faili la Word moja kwa moja mu folda ya mbali, Word inaomba kufuli kwa seva ili mwingine asiandike juu yako. Unapofunga vizuri, inarudisha ile kufuli. Umeme ukienda na betri yako ni ile ya miaka sita, hakuna aliyerudisha. Seva inadhani bado unaandika. Unawasha jenereta ya jirani, unaingia, unaambiwa faili limefungwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni wewe. Ukiona namba 423, njo hiyo. Kufuli ina muda wake, ukiisha inajifungua, inaweza kuwa dakika chache inaweza kuwa zaidi kutegemea na vile seva ilipangwa, au umpigie msimamizi akufungulie. Word pia inaacha kafaili kanaanza na ~$, LibreOffice inaacha kenye .~lock, tuvifute vikibaki peke yao. Na upande mwingine: ukiwa unapeleka faili kubwa koneksyo ikakatika mu mega ya 38 kati ya 40, WebDAV ya kawaida haiendelei pale ilipofikia, inaanza sifuri. Mega zako 38 zimeliwa. Kwa hiyo video si mzigo wa hii njia. Zikate vipande, zipunguzeni uzito, au mupeleke siku muko ofisini mahali kuna mtandao wa kweli.

Mama CT pale nyuma ameuliza swali na ninalirudia ili wote wasikie: kama mafaili yangu yako mu laptopu na pia yako kwenye seva kupitia Z:, je, hiyo si bakapu (kopi ya akiba) tayari? Mama, hapana, na aksanti kwa kuuliza maana nilitaka kusahau. Ukifuta faili mu Z: haliendi kwenye pipa la takataka la Windows, linaenda moja kwa moja, na kama seva haina pipa lake ndiyo basi. Pili, virusi vile vinavyofunga mafaili na kudai pesa havichagui, diski yoyote iliyounganishwa vinaifunga, C: na Z: pamoja, kwa sababu kwake vyote ni milango iko wazi. Bakapu ni ile diski ya nje unayoichomoa ukaiweka mu kabati. Nazungumza kama fundi aliyeona watu wanalia mwezi wa kuandika memwari (tasnifu).

Kwa wale hawaogopi dirisha jeusi la kuandikia amri, kuna programu inaitwa rclone, ya bure, inajua WebDAV na mengine mengi. Unaiambia tu: chukua folda ya laptopu, linganisha na ya seva, peleka yaliyobadilika. Hairudii yote. Usiku mega ni rahisi unaiacha inafanya kazi unalala. Ila kuna maneno mawili mule ndani, copy na sync, na hayafanani hata kidogo: copy inaongeza, sync inafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, maana yake inafuta kule kila kisichokuwa huku. Mtu akielekeza folda tupu na sync, amefuta kozi nzima kwa sekunde chache na programu itamshukuru. Muweke kwanza --dry-run, inawaandikia nini ingefanya bila kufanya. Musome ile orodha. Muisome kweli, si kupitisha macho.

Maneno ya siri napita haraka kwa sababu mnayajua hata kama hamuyafuati: kompyuta ya cyber au ya sekretariati usiichague ile ya kukumbuka neno la siri, na ukimaliza utenganishe ile diski. Z: ikibaki imeunganishwa pale, anayekaa baada yako anaingia mu interogasyo ya wiki ijayo bila hata kujua ametenda dhambi.

Na hili la mwisho linahusu ba Profesa zaidi kuliko ba asistan, munisamehe. Kwa desturi yetu Prof anamwambia asistan wake, chukua jina langu na neno langu la siri, unipangie mambo. Halafu asistan anapata kazi kule Kolwezi kwenye mgodi, anaenda, na nusu ya mafaili yako mu laptopu yake. Au vibaya zaidi, kozi nzima iliandikwa chini ya akaunti yake yeye. LON-CAPA iko na nafasi ya mwandishi mwenza, asistan anaingia mu folda ya Prof kwa jina lake mwenyewe, akiondoka unamtoa, mafaili yanabaki. Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili, kwa vitivo ambavyo vinaitumia, folda inashirikiwa vilevile, kila mmoja na akaunti yake, na ndani yake nayo ni WebDAV hiyohiyo. Kitu kimoja mupange kwa mdomo kwanza: nani anaandika faili gani wiki hii. Kufuli za seva zinasaidia mukiwa wawili kwa wakati mmoja, lakini kama kila mmoja ameshusha kopi yake na anaandika nyumbani kama nilivyowashauri, basi atakayerudisha wa mwisho njo atamfunika mwenzake. Kwa hiyo mugawane sura: Prof sura ya 1 mpaka 4, asistan mazoezi, na hakuna anayegusa ya mwingine bila kupiga simu.

Basi tufungue laptopu. Wenye Windows mukae huku mkono wa kushoto karibu na prizi, jenereta iko na mafuta ya saa mbili. Anwani ya seva ya majaribio nimeiandika ubaoni, kila mtu apeleke faili moja tu la maandishi kwanza, halafu tuangalie nani amesahau kuchapisha.